Moduli ya matokeo ya PLC imeganda: je, ninaweza kuibadilisha bila kuzima laini?

*"Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha kujaza maji ya chupa hapa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Nyerere. Laini yetu inaendeshwa na PLC (kompyuta ya kudhibiti mashine) yenye moduli ya matokeo, yaani kipande kinachowasha na kuzima vifaa kwa amri yake; ni ya relei (swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme), chaneli 16. Chaneli moja inayowasha vali ya solenoidi (inayofunguliwa kwa koili ya umeme) ya kujazia imeganda: vali inabaki wazi hata programu ikiizima, na maji yanamwagika. Hii ni mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Msimamizi wa zamu anataka nichomoe moduli na kuchomeka mpya bila kuzima laini, kwa sababu anasema nyaya zile ni za volti 24 tu na haziui mtu, na fundi aliyekuwepo kabla yangu alikuwa akifanya hivyo. Mwenzangu mmoja anashauri tununue ya transista (swichi ya kielektroniki), mwingine anasema relei ndiyo imara. Nifanyeje ili nisiumie, nisiharibu CPU (sehemu ya PLC inayoendesha programu), na tatizo lisirudi?"*

Marahaba, fundi. Nianze na lile la msimamizi wako, kwa kuwa ndilo linaloweza kukuumiza leo hii: usiichomoe moduli hiyo laini ikiwa na umeme. Mengine uliyoyauliza yana nafasi ya kujadiliana, lakini hili halina, isipokuwa mwongozo wa mtengenezaji wa moduli yako uwe umeandika wazi kwamba inaruhusiwa, na hata hapo kuna masharti ambayo nitayaeleza.

Moduli ya matokeo hukaa katikati ya umeme wa aina mbili. Upande mmoja kuna umeme mdogo unaotoka kwenye CPU kupitia kiunganishi cha pembeni au cha nyuma ya moduli, ambao hubeba amri na kuilisha mizunguko yake ya ndani. Upande wa pili kuna umeme wa kazi, yaani ule unaokwenda kwenye mizigo kama vali, kontakta (swichi kubwa za kuwashia mota) na taa, ambao mara nyingi hutoka kwenye chanzo kingine kabisa. Pande hizo mbili hutenganishwa ndani ya moduli, ama na relei yenyewe ama na kijenzi kinachopitisha amri kwa mwanga. Ukichomoa moduli ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo, pini za upande wa CPU huachana bila utaratibu: huenda ile ya ethi ikatangulia kuachia kabla ya ile ya umeme, na mawasiliano ya moduli zote zilizo kwenye msururu huo yakavurugika. CPU inaweza kuingia kwenye hali ya hitilafu na kuangusha matokeo yote kwa pamoja. Hapo ndipo laini ambayo msimamizi hakutaka isimame itakaposimama yenyewe, tena vibaya, chupa zikiwa katikati ya mashine na pistoni zikiwa nusu ya safari.

Zipo moduli zilizoundwa kubadilishwa zikiwa na umeme. ET 200SP ya Siemens na ControlLogix ya Allen-Bradley ni mifano, na huenda fundi aliyekutangulia alikuwa akifanya kazi kwenye mfumo wa namna hiyo. Lakini S7-1200, ambayo ni ya Siemens vilevile, mwongozo wake unataka umeme ukatwe kabla ya kufunga au kuondoa kifaa chochote. Kwa hiyo "fulani alifanya na hakikutokea kitu" si jibu mpaka ujue alifanya kwenye kifaa gani. Hata kwenye mifumo inayoruhusu, ruhusa hiyo inaulinda zaidi upande wa CPU. Upande wa mzigo, ukichomoa terminali wakati koili inapitisha mkondo, cheche itaruka palepale vidoleni pako, na ukirudisha moduli mahali pake, programu inaweza kuiamuru vali au silinda ifanye kazi papo hapo bila kukusubiri uondoe mkono.

Sasa kuhusu volti 24. Ni kweli kwamba volti 24 za DC kwenye ngozi kavu kwa kawaida hazimrushi mtu. Makosa ya hoja hiyo yako kwingine. Pawa saplai ya volti 24 na ampea 10 inatoa wati 240, na wati hizo zikipita kwenye pete ya ndoa au bisibisi iliyoangukia kati ya terminali mbili, zinachoma. Pili, volti 24 hizo ndizo zinazofungua hewa ya kompresa inayosukuma silinda yenye nguvu ya kuvunja mkono. La tatu ndilo zito kuliko yote kwa upande wako: moduli yako ni ya relei, na miguso ya relei, yaani vipande vya metali vinavyokutana na kuachana, haina umeme wake yenyewe, bali hupitisha chochote kilicholetwa kwenye kituo cha pamoja (terminali moja inayolisha chaneli kadhaa) cha kundi lake. Ni jambo la kawaida kabisa kukuta kundi la kwanza linapitisha volti 24 za vali, na kundi la pili, kwenye moduli ileile na umbali wa sentimita chache, linapitisha volti 230 za koili za kontakta. Kwa macho nyaya hizo zinafanana, hasa pale aliyefunga paneli alipotumia waya wa rangi moja kwa kila kitu.

Kabla hujatumwa Kariakoo kutafuta moduli nyingine, hakikisha kwanza kwamba ni moduli iliyokufa. Simama mbele ya paneli mlango ukiwa wazi, mikono nje, uitazame taa ndogo ya chaneli hiyo wakati programu inapotakiwa kuizima. Taa hiyo, kwenye moduli nyingi, inaonyesha amri iliyotoka kwa CPU. Haionyeshi kama mguso wa relei umeachia kweli. Ikiwa taa inaendelea kuwaka, moduli inatii tu ilichoambiwa, na kosa liko kwenye programu au kuna mtu aliilazimisha chaneli hiyo kuwaka kupitia kompyuta na akasahau kuondoa. Ikiwa taa imezimika na vali bado iko wazi, uwezekano ni mitatu: mguso umegandana, waya umepata umeme kutoka sehemu nyingine, au vali yenyewe imenasa. Usiidharau hiyo ya tatu. Vali nyingi za solenoidi zina kibonyezo kidogo cha kufungulia kwa mkono, na kikizungushwa kwa bisibisi wakati wa usafi kikaachwa hapo, vali itabaki wazi hata kama PLC nzima ingeng'olewa. Namna ya kuamua ni rahisi: umeme ukiwa umekatwa na kuthibitishwa kwa utaratibu nitakaoueleza, toa waya wa chaneli hiyo, weka multimita kwenye omu, upime kati ya kituo cha pamoja na chaneli. Relei nzima itaonyesha mzunguko ulio wazi; iliyogandana itaonyesha karibu na sifuri.

Nikichukulia kwamba utakuta imegandana, swali kubwa ni kwa nini, kwa sababu moduli mpya ikifungwa kwenye mazingira yaleyale itakufa kwa ugonjwa uleule. Koili ya vali ina tabia ya kung'ang'ania mkondo uliokuwa ukipita ndani yake. Mguso wa relei unapoachia, mkondo huo hauna pa kwenda, na koili inapandisha volti mpaka ipate njia. Koili ya volti 24 inaweza kufikisha mamia ya volti kwa muda mfupi sana. Njia inayopatikana ni hewa iliyo kati ya miguso miwili, nayo huwa cheche. Kila cheche inayeyusha chembe ya metali, uso wa mguso unakuwa na mashimo na vinundu, na siku moja miguso inakutana ikiwa bado laini kwa joto, inagandana. Kwenye moduli ya transista mshindo uleule wa volti hutoboa kijenzi, na transista iliyotobolewa kwa kawaida hubaki ikipitisha. Kwa maana hiyo matokeo ya aina zote mbili yakiharibika huelekea kubaki yamewaka, jambo ambalo nitalirejea kwenye kitufe cha dharura.

Ongeza hapo idadi ya mizunguko, yaani mara ambazo mguso unafunga na kuachia. Kwa moduli nyingi za relei mtengenezaji anaahidi mizunguko ya kimitambo takriban 10,000,000 bila mzigo, lakini kwa mzigo kamili uliotajwa, ambao mara nyingi ni ampea 2, anaahidi takriban 100,000 tu. Hujaniambia vali yako inafunguka mara ngapi, basi tuchukue mfano wa mara moja kila sekunde 6. Hiyo ni mara 600 kwa saa, na kwa zamu mbili za saa nane ni mara 9,600 kwa siku. Mizunguko 100,000 inaisha ndani ya siku ya 11. Vali yako bila shaka inachukua mkondo mdogo kuliko ampea 2, ndiyo maana relei imevumilia miezi, lakini hata zile 10,000,000 za bila mzigo zingeisha kwa siku 1,042 za kazi. Relei haikuwa dhaifu; ilipewa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo kwenye ubishi wenu, yule wa transista ana haki kwa upande wa vali za kujazia, na yule wa relei ana haki kwa mizigo mingine. Transista haina kitu kinachosuguana, hivyo haihesabu mizunguko, na inaitika haraka zaidi. Udhaifu wake ni kwamba hubeba DC peke yake, na kwa kawaida ampea 0.5 tu kwa chaneli. Soma kibandiko cha koili yako. Ikiwa imeandikwa 24 VDC na wati 8, gawanya 8 kwa 24 upate ampea 0.33, inatosha. Ikiwa ni wati 15, jibu ni 0.63 na transista ya ampea 0.5 haitaiweza. Ikiwa imeandikwa VAC, transista haihusiki kabisa. Kisha jumlisha mikondo ya chaneli zote zinazoweza kuwaka kwa wakati mmoja katika kundi moja, maana kikomo cha kundi huwa kidogo kuliko kikomo cha chaneli moja mara idadi ya chaneli, na hapo wengi hujikuta wamekosea bila kujua.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba moduli ya transista haiingii mahali pa ile ya relei waya kwa waya. Relei haijali chanya na hasi, transista inajali. Ipo inayotoa chanya kwenda kwenye mzigo, na ipo inayovuta hasi kutoka kwenye mzigo, nazo hazibadilishani. Mahali pa kuchagua, chukua inayotoa chanya, na hasi ya pawa saplai iwe imefungwa kwenye ethi. Waya wa vali ukichubuka na kugusa fremu ya mashine, fyuzi itakatika au moduli itajikinga, na vali itabaki imezimwa. Kwenye ile inayovuta hasi, kosa hilohilo litaiwasha vali bila amri ya mtu. Aidha, CPU itahitaji kuelezwa kwenye mpangilio wake wa vifaa kwamba moduli imebadilika, na kama anwani zitahama, programu itaanza kuamuru vitu visivyo vyake. Hii si kazi ya kufanya usiku wa manane, laini ikisubiriwa.

Kuna njia ya kati ambayo kwa mashine kama yako huwa naipenda zaidi. Vali za kujazia zinazopigapiga muda wote zipelekwe kwenye matokeo ya transista. Kontakta na vitu vya volti 230 viwekewe relei ndogo za kati, zile nyembamba za upana wa milimita 6 hivi zinazokaa kwenye soketi juu ya reli ya DIN (ile ya chuma ya kupachikia vifaa ndani ya paneli). Relei ya kati ikigandana, unachomoa hiyo moja, umeme ukiwa umekatwa, na moduli ya bei kubwa haiguswi. Kuna faida ya pili pia: volti 230 zinaondoka kwenye moduli, na fundi atakayekuja baada yako hatazikuta pale asipozitarajia.

Vyovyote utakavyochagua, wekea kila koili kinga yake. Kwa koili ya DC, dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007, inayobeba ampea 1 na kuhimili volti 1,000, inatosha kwa vali nyingi, na bei yake haifiki ya soda. Ifungwe sambamba na koili, karibu nayo iwezekanavyo, upande wenye mstari ukielekea chanya. Ukiigeuza itakuwa shoti mara tu chaneli inapowaka, na ukiiweka kwenye koili ya AC itaungua. Kwa AC tumia kinga ya kapasita na ukinzani au varista (kijenzi kinachomeza volti iliyozidi). Dayodi ya kawaida ina tabia moja unayopaswa kuijua kwa sababu ninyi mnajaza maji: inauruhusu mkondo uzunguke ndani ya koili kabla ya kufa, hivyo vali inachelewa kufunga kwa milisekunde kadhaa hadi makumi kadhaa, kutegemea koili. Kwenye kontakta hilo halionekani, lakini kwenye chupa linaweza kuonekana kama maji kuzidi kidogo. Ikitokea, ama rekebisha muda kwenye programu, ama tumia kinga yenye dayodi ya zena inayoua mkondo haraka zaidi. Moduli nyingi za transista zina kinga ya ndani, lakini ile iliyo kwenye vali inauzuia mshindo usisafiri kwenye nyaya zote za paneli na kusumbua sensa.

Kabla sijaacha sababu, angalieni pia umeme unaoingia. Volti ikishuka sana, kontakta ya koili ya AC inaweza kushindwa kuvuta, na koili ya AC ambayo haijavuta inaendelea kunywa mkondo wa kuanzia ambao ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kushikilia. Inaungua, na mguso wa relei unaoilisha unaungua nao. Kama matatizo yenu huja baada ya umeme kukatika na kurudi, hapo pana jambo la kupima. Joto nalo lisisahaulike: moduli nyingi zina kikomo cha hewa ya nyuzi 55 au 60, na paneli ya chuma iliyofungwa, yenye pawa saplai na draivu (kidhibiti cha kasi ya mota) ndani, feni ikiwa imezibwa na vumbi, katika mwezi wa Februari hapa kwetu, inakikaribia kikomo hicho bila shida.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Ombeni muda wa kusimamisha laini, na mweleze msimamizi kwa lugha ya uzalishaji: kusimama kulikopangwa kwa saa moja au mbili kunajulikana mwanzo na mwisho wake, kusimama kwa CPU iliyoharibika hakujulikani. Kabla ya kuzima, nakili programu ya PLC kwenye kompyuta na uhakikishe inafunguka. Piga picha za moduli, taa zake na nyaya zake zote, na andika namba ya kila waya. Linganisha namba kamili ya moduli mpya na ya zamani mpaka herufi ya mwisho, kwa kuwa herufi moja inaweza kutenganisha relei na transista.

Simamisha mashine kwa njia yake ya kawaida kwanza, kisha zima swichi kuu, weka kufuli lako mwenyewe, funguo uiweke mfukoni, na tundika kibao chenye jina lako. Kama mko mafundi wawili, makufuli yawe mawili. Funga hewa ya kompresa na uitoe iliyobaki kwenye mabomba, maana pistoni yenye hewa haijui kwamba umeme umekatwa. Kama kuna draivu za mota, subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake, ambao mara nyingi ni dakika 5 au zaidi, ili kapasita zake zimwage umeme.

Halafu pima, na hapa nikuombe usitumie testa ya bisibisi. Testa ile haiwezi kukuonyesha volti 24 za DC, na hata kwenye AC inaweza kukudanganya. Chukua multimita iliyo salama kwa volti za paneli yako, iguse kwanza kwenye chanzo unachojua kina umeme uone inasoma, kisha pima kila kituo cha moduli dhidi ya ethi na dhidi ya kituo cha pamoja, kwa AC na kwa DC, kisha rudi kwenye chanzo kile uhakikishe kipimo hakijafa katikati ya kazi. Utapima hivyo kwa sababu swichi kuu ya paneli yako haizimi umeme unaotoka paneli nyingine. Laini za kujaza chupa hubadilishana ishara: mkanda wa kusafirishia unaieleza mashine ya kujaza kwamba uko tayari, na ishara hiyo inaweza kuwa volti 230 kutoka paneli ya jirani. Kiwango cha IEC 60204-1 kinataka nyaya zinazobaki na umeme baada ya swichi kuu kuzimwa zitambulike, na rangi yake iliyopendekezwa ni ya machungwa. Lakini usitegemee kwamba aliyefunga paneli yenu alifuata. UPS (betri ya akiba) nayo, kama ipo, ni chanzo kingine.

Ukishathibitisha, kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi. Gusa chuma kilichofungwa ethi kabla ya kushika moduli. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na umeme tuli si mkali kama kwenye sehemu zenye hewa kavu, lakini vyumba vya paneli vyenye kiyoyozi ni vikavu. Kama moduli ina plagi ya terminali inayotoka nzima, itoe ikiwa na nyaya zake na uihamishie kwenye mpya, almuradi aina ni ileile. Utaepuka makosa mengi. Hakikisha kiunganishi cha CPU kimeingia mpaka mwisho. Skrubu zikazwe kwa kiwango cha mtengenezaji, na kila waya uvutwe kidogo kwa mkono, kwa sababu waya uliolegea huleta joto na dalili zinazofanana kabisa na za moduli mbovu.

Kuwasha ndiko kunakohitaji utulivu zaidi. Weka CPU kwenye hali ya kusimama, acha umeme wa mizigo ukiwa umekatwa kwa kutoa fyuzi zake, na hewa ikiwa imefungwa. Washa upande wa CPU peke yake, uone kama moduli imetambuliwa na hakuna taa nyekundu. Baada ya hapo rudisha umeme wa mizigo, hewa ikiwa bado imefungwa, na uwashe chaneli moja moja kutoka kwenye kompyuta huku mwenzako amesimama kwenye mashine akikutajia vali ipi imelia. Sauti ya vali na namba ya chaneli zikilingana kwa zote 16, ondoa kila ulicholazimisha, na uhakikishe kwenye skrini kwamba hakuna kilichobaki. Ndipo hewa irudi, taratibu, na mashine izunguke bila chupa.

Hapo kabla ya kuikabidhi laini, bonyeza kitufe cha dharura mashine ikiwa inazunguka, na uangalie kwa multimita kama umeme wa matokeo umekatika kweli. Nilisema matokeo yakiharibika huelekea kubaki yamewaka; kitufe cha dharura ambacho ni ingizo tu la PLC, na programu ndiyo inayoamua kuzima, hakiwezi kuizima chaneli iliyogandana. Kinatakiwa kiukate umeme unaolisha matokeo hatari kwa waya, kupitia relei ya usalama, bila kuitegemea programu, huku CPU na sensa zikibaki na umeme ili mjue kilichotokea. Ukigundua kwenu haiko hivyo, usilinyamazie wala usilitengeneze kimyakimya. Liandike, umpe mhandisi na msimamizi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wanaofanya kazi kwenye mashine zake, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndiyo inayoisimamia.

Yapo mazingira ambayo nisingependa uendelee kwa maandishi yangu peke yake. Kama paneli haina mchoro, au mchoro hauendani na nyaya. Kama programu imefungwa kwa nenosiri na hamna nakala. Kama moduli ni ya usalama, zile ambazo watengenezaji wengi huzipaka njano au nyekundu. Kama mashine iko sehemu yenye mvuke wa mafuta au spiriti, ambako cheche ndogo ni moto. Au kama mnaamua kuhamia transista na kubadili mpangilio wa nyaya, mwite mtaalamu wa mifumo ya udhibiti aje aione kwa macho, na kazi ya nyaya za umeme mkubwa ifanywe na mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya daraja linalohusika. Mwite pia chaneli hiyohiyo ikigandana mara ya tatu huku dayodi ipo. Kabla hajafika, pima omu za koili ya vali hiyo ikiwa imechomolewa, uzilinganishe na vali za jirani zilizo za aina moja. Koili ya volti 24 na wati 8 inapaswa kusoma karibu na omu 72. Ikisoma pungufu sana ya wenzake, waya uliozungushwa ndani yake umegusana wenyewe kwa wenyewe, koili inavuta mkondo kupita kiasi, na ni vali inayopaswa kubadilishwa.